Godoro la Bi Mkubwa

Tangu mgongo wangu upone nimekuwa mshauri wa magodoro bila kuomba kazi hiyo. Wanawake wenzangu hapa Mikumi wananisimamisha njiani na kuniuliza, "Mama Rehema, ulilalia godoro gani mpaka ukapona? La inchi ngapi? Gumu au laini?" Nawajibu vizuri, wanashukuru, wanakwenda zao dukani. Mimi nabaki na kitu kimenikaa kifuani. Godoro lililoniponya halikuwa langu. Nililichukua kwa mtu aliyekuwa anaumwa kama mimi, na wakati nalichukua nilijua kwamba anaumwa.

Nimeona niandike yote pamoja, ushauri na aibu. Anayetaka ushauri tu atavumilia, kwa sababu sijui kuvitenganisha.

Mimi ni mke wa pili. Mume wangu, Mzee Athumani, ni fundi wa mashine za kusaga, na mashine anazozihudumia ziko huku na Kilosa. Mke wake mkubwa, Mama Shabani, anaishi Kilosa, mtaa wa Magomeni. Mimi naishi Mikumi, jirani na barabara kuu, na kwa miaka mingi nilikuwa mhudumu wa gesti. Nilipoolewa, Mama Shabani alinipokea kwa sahani ya wali na maneno machache. Namwita dada na kumwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba na kuendelea na kazi yake. Hatukuwahi kugombana. Nilimsema tu pembeni, kwamba ana maringo na kwamba moyo wake umefungwa kufuli.

Mzee Athumani ni mtu wa haki, na haki yake ni ya futi. Nasema ile futi ya chuma ya mafundi inayojikunja yenyewe, ambayo haitoki mfukoni mwake hata siku ya Idi. Akininunulia doti ya kanga, doti nyingine inakwenda Kilosa. Siku nne analala kule, siku nne huku. Mwanamke aliyeishi ukewenza hawezi kulidharau jambo hilo, na mimi sikulidharau.

Mwaka mmoja mashine hazikupumzika, akaamua kutununulia magodoro. Alituita sote wawili kwenye duka moja pale Kilosa. Mimi nikajiona ndiye mtaalamu, kwa sababu gesti nilikuwa natandika vitanda kumi na viwili kila siku. Wageni wetu walikuwa na namna yao ya kukagua: anaingia, anabonyeza godoro kwa kiganja, likizama anatabasamu. Basi nami nikapita nikibonyeza kwa kiganja, nikachagua lililozama kuliko yote.

Mama Shabani hakubonyeza kitu. Alivua ndala, akaweka mkoba wake chini, akapanda juu ya godoro mbele za watu, akalala chali na ushungi wake, akakaa hivyo. Kisha akageuka ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Muuzaji akawa anajizuia kucheka.

"Dada, watu wanatutazama," nikamnong'oneza.

"Kwani wao ndio watakaolilalia?" akajibu, macho yake juu darini.

Alishuka, akapanda jingine. Mwisho akachagua gumu ambalo hata kiganja changu hakikuacha alama. Mzee Athumani akatoa futi yake, akapima langu, akapima lake. "Inchi nane. Na hili inchi nane. Mungu shahidi." Tukaondoka. Gesti niliwachekesha wenzangu kwa wiki nzima kwamba mke mwenzangu kapewa nafasi ya kuchagua godoro, kachagua ubao.

Sikujiuliza kwa nini mwanamke mwenye haya kama yule akubali kulala chali dukani.

Mgongo wangu uliondoka wakati wa vuli. Jumamosi ilikuwa siku ya kugeuza magodoro yote, upande wa juu uende chini, ili yasibonyee. Nilikuwa chumba namba saba. Nikashika pembe mbili, nikainua, na kiuno kikakatika. Sikulia mara moja. Nilibaki nimeinama, godoro mkononi, nikimwita mwenzangu kwa sauti ya kawaida kabisa kama ninayemwomba sabuni. Alipokuja akaona uso wangu, akaanza kulia yeye.

Sindano ya kwanza nilichomwa siku hiyo hiyo, ikanipa siku mbili nzuri. Sindano ya tatu haikunipa kitu. Maumivu yalishuka kutoka kiunoni, yakapita nyuma ya paja hadi kwenye kisigino, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vikafa ganzi. Ukinikanyaga pale nilikuwa nakuona kwa macho tu.

Hakuna aliyeniambia kuhusu mambo madogo, kwa hiyo nayasema mimi. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilikuwa sichuchumai tena, na mume wangu fundi alikata tundu kwenye kiti cha plastiki akakiweka juu ya shimo, akanizuia kumshukuru kwa kuwa aliona haya kuliko mimi. Ufagio wetu mfupi niliuacha ukutani. Sala niliswali nimekaa kwenye kigoda. Udhu ulinishinda kwenye miguu, kwani maji yalifika lakini mkono haukufika. Nilinenepa tumboni na kukonda miguuni. Nilikuwa mtu wa mizaha, nikawa mtu wa kufoka. Mzee Athumani akijigeuza kitandani nilipiga kelele, na akikaa bila kujigeuza nilimuuliza kama amekufa.

Na lile godoro langu zuri lilikuwa limefanya shimo katikati. Nikilala, kiuno kilizama, miguu na kichwa vikabaki juu. Asubuhi nilihitaji kamba ya kufungia mizigo, imefungwa kwenye mguu wa kitanda, nijivute nayo nikae. Niliwalaumu majini, nikalaumu sindano, nikamlaumu mwenye gesti. Godoro sikulilaumu, maana nilikuwa nimelichagua mwenyewe.

Mwisho Mzee Athumani akasema niende Kilosa. Pale kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kutoka kwa Mama Shabani hadi hospitali si mbali. "Umekwisha muuliza?" nikamwambia. Akasema amemuuliza, na ameitikia ndiyo.

Nilifika nikiwa nimelala kiti cha nyuma cha gari la kukodi. Jirani mmoja wa Magomeni alipoona nashushwa akasema kwa furaha, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Maneno yale nimeyakumbuka mara nyingi. Katika nyumba ile aliyepona alikuwa mgeni.

Mama Shabani alinipa chumba chake na kitanda chake.

"Na wewe, dada, utalala wapi?"

"Sebuleni. Mkeka unanitosha. Usihangaike na mimi."

Niliuliza mara hiyo moja. Alivyojibu kwa ufupi nikaona nimekwisha timiza wajibu.

Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi. Mahali pa kusubiri pana mabenchi mawili, na mwenye mgongo hawezi kukaa kwenye benchi lisilo na egemeo, kwa hiyo wenye uzoefu wanawahi upande wa ukuta. Siku ya kwanza nilikuta ukuta umejaa. Nikasimama, natetemeka miguu. Mzee mmoja mfugaji, mwenye shuka lake na fimbo ndefu, akanyanyuka polepole. "Kaa hapa mama, egemea ukuta. Mimi naegemea fimbo." Alikuwa anaumwa nyonga. Wiki zote zilizofuata tulikuwa tunashikiana nafasi, sikuwahi kulijua jina lake, na sina ndugu ninayemwombea kwa moyo kama ninavyomwombea yule mzee.

Dada wa mazoezi alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya chuma. Alinifundisha kujigeuza kitandani kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja, na kushuka kwa ubavu. Kila mgonjwa alikuwa na daftari lake la shule, na maagizo yake aliyaandika humo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili hata mjukuu wa darasa la tatu aweze kumsomea bibi yake.

Nyumbani Mama Shabani alinichemshia maji. Kabla ya kila sala alikuja na birika na beseni, akajishikiza kwenye ukuta, akapiga magoti taratibu sana, akaniosha miguu mpaka katikati ya vidole. Nilimwona anavyoshuka na anavyonyanyuka, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Niliona. Nikajiambia ni uzee, ingawa amenizidi miaka tisa tu.

Wiki ya tatu, asubuhi, niliamka nikakaa kitako. Ilinichukua muda kutambua nilichofanya. Hakukuwa na kamba. Nilikuwa nimejigeuza kama gogo, nikashusha miguu, nikakaa, na hakuna kilichouma zaidi ya kawaida ya kuumwa. Nililia mwenyewe kwa furaha. Kisha nikapiga godoro kwa kiganja, na kiganja kikarudi. Nikalijua godoro lile. Ndio ule ubao niliowachekeshea watu.

Kwa ile furaha nikataka kutandika kitanda mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu vuli. Mkono wa gesti haujui kuacha shuka linaning'inia. Nikaivuta pembe ya juu, nikainua godoro kidogo nichomeke shuka, na chini yake nikaona daftari.

Nilidhani ni langu. Nikafungua. Jina lilikuwa la Mama Shabani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa zamani, kabla ya ile siku ya dukani, na wino umeanza kufifia. Kurasa za karibuni zilikuwa na mwandiko ule ule wa herufi kubwa: MAUMIVU YA MGONGO, YANASHUKA MGUU WA KULIA. ALALE KWENYE GODORO GUMU. ASILALE SAKAFUNI. ASIINUE VITU VIZITO.

Nilisoma mara mbili. Nje nilimsikia akimwaga maji ya beseni uani, lile la miguu yangu.

Wasomaji wangu, nilikuwa na njia nyingi siku ile. Ningeweza kutoka na daftari mkononi. Ningeweza kuhamia mkekani. Ningeweza kusema tu, "Dada, kumbe?" Nilichofanya ni kulirudisha mahali pake, nikachomeka shuka, nikanyoosha foronya. Nilijiambia: kama ni siri yake, si adabu kuigusa. Tazama jinsi adabu inavyomjia mtu anapoihitaji. Ukweli ni kwamba niliogopa kitanda changu cha Mikumi kuliko nilivyomwonea huruma. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini sijasikia methali inayomhusu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Mazoezi ya wiki sita yalipokwisha, Mzee Athumani alikuja kunichukua. Nikamwambia mbele ya Mama Shabani, tukiwa sebuleni tunakunywa chai, "Baba Rehema, nikirudi kwenye lile godoro langu nitarudi kulekule. Hili ndilo limeninyoosha."

Akafikiri. Akatoa futi, akaingia chumbani, tukamsikia anapima. Akatoka. "Hili ni nane kamili. Lako la Mikumi limezama, halifiki saba. Siwezi kumpa mwenzako saba kwa nane. Nitanunua jipya la inchi nane, nilete hapa, hili liende. Nane kwa nane. Mama Shabani, una neno?"

Nilitazama ndani ya kikombe changu. Nilihisi Mama Shabani ananitazama mimi, si mume wetu.

"Sina neno," akasema. "Mgonjwa apewe."

"Na wewe, Mama Rehema?"

"Sina neno," nikasema. Lilikuwa neno moja tu la kusema, na nililikalia.

Alinunua jipya siku hiyo hiyo, kwa namna ya wageni wa gesti, kwa kiganja. Likaletwa na nailoni yake, laini, linameremeta, majirani wakampongeza Mama Shabani. Hilo likanituliza. Nilijiambia, yeye kapata jipya na mimi nimechukua kuukuu, nani kadhulumiwa hapo?

Sasa hapa pana ushauri, msikilize. Nililifikisha godoro Mikumi, nikalala juu yake, na baada ya siku tano kiuno kikaanza upya. Nililitukana. Mzee Athumani akainama akachungulia uvunguni. Chaga za kitanda changu zilikuwa nne, zimepinda, zimeachana kiasi cha mtu kupitisha kichwa. Godoro gumu juu ya chaga mbovu linainama nazo. Ukitaka kununua godoro, kwanza liinue hilo ulilonalo uangalie chini, pengine ugonjwa wako uko pale.

Akaenda zamu yake ya Kilosa na habari hiyo. Aliporudi alikuwa na mbao sita, zimepigwa randa, safi. "Mama Shabani amekupa," akasema. "Zilikuwa kwenye kitanda chake, zimelazwa juu ya chaga. Amesema godoro lile bila mbao zile halifanyi kazi."

Nilizishika. Zilikuwa na alama za penseli za fundi, na kwenye pembe moja zimezungushiwa kitambaa cha kanga kuukuu ili zisipige kelele. Mtu hafanyi kazi ya namna ile kwa kitanda ambacho mgongo wake haukihitaji. Mzee Athumani hakuona kitu. Alizipanga, akaweka godoro, akasema, "Haya, lala." Nikalala. Na nikapona, siku hadi siku, kiangazi chote. Ganzi ilitoka kwenye kidole kimoja, kisha cha pili. Nikaurudia ufagio. Nikaswali nimesimama, nikarukuu.

Siku moja, mwishoni mwa kiangazi, Mzee Athumani akiwa anakula, akasema, "Mama Shabani siku hizi analala chini. Mimi kitandani, yeye mkekani. Anasema ile nailoni inatoa joto."

"Si aitoe?"

"Nimemwambia. Anasema godoro jipya likae na nailoni yake lisichafuke."

Watu wengi wanafanya hivyo kwetu, godoro linakaa na nailoni mpaka inachanika yenyewe, kwa hiyo Mzee Athumani aliridhika. Mimi nilijua. Mwenye mgongo akizama kwenye godoro laini huhama mwenyewe kwenda sakafuni. ASILALE SAKAFUNI, kwa herufi kubwa. Nikasema, "Kweli, Kilosa kuna joto." Nikamwongezea mboga.

Kisha masika yakaingia. Ilinyesha wiki nzima bila kupumua, kuta zikatoa jasho, nguo hazikukauka. Mzee Athumani akarudi kutoka Kilosa na viatu vya matope. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mama Shabani amerudi kitandani? Joto si limeisha."

"Bado yuko chini," akasema. "Amenunua fimbo ya kutembelea."

Usiniulize niliishije siku zile. Nilikuwa nalala vizuri, hilo ndilo baya. Mwili haukuona aibu hata kidogo. Niliamka nimenyooka, na nikishanyooka ndipo roho inainama.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku niliyopangiwa kurudi kuangaliwa na dada wa mazoezi kwa mara ya mwisho. Nilishuka Kilosa mapema, nikaenda moja kwa moja hospitali. Mahali pa kusubiri palikuwa pamejaa, ukuta hauna nafasi. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye pembe, amejikunja upande wa kulia, ameegemea fimbo kwa mikono miwili, na daftari amelibana kwapani. Sikumtambua mpaka aliponyanyua uso.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona mapema? Baba Shabani kasema unakuja mchana."

Kijana aliyekuwa ukutani akatupisha bila kuambiwa. Nikamkalisha Mama Shabani upande wa ukuta, nami nikakaa karibu yake. Mhudumu akapita kukusanya madaftari, akaliweka langu juu ya lake. Mama mmoja aliyebeba mtoto akatutazama. "Ninyi ni ndugu? Mgongo mmoja unawasumbua?"

"Mdogo wangu huyu," Mama Shabani akamjibu. "Yeye amepona."

Pale ndipo uliponishinda ule mzigo. Nikasema kwa sauti ya chini, "Dada, daftari lako nililiona. Siku ile nilipotandika kitanda. Kabla ya kuomba godoro."

Hakushtuka. Alisogeza fimbo yake iegemee goti.

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Nililiweka mimi. Wewe ni mtu wa gesti, shuka huwezi kuliacha linaning'inia. Nikasema, siku atakayopata nguvu ya kutandika, atainua godoro. Akiinua ataliona. Akiliona ataniuliza."

"Kwa nini hukusema tu? Mzee alikuuliza mbele yangu."

"Niseme nini? Mke mkubwa aseme mbele ya mume kwamba anamnyima mgonjwa godoro? Ulipoolewa wewe, mama yangu aliniita akaniambia: usimlalamikie mwenzako mbele ya mumeo, utaonekana una kijicho, na kijicho hakina dawa. Sijalalamika miaka yote hii. Hata mgongo huu Baba Shabani anajua ni uchovu wa shamba tu." Akaishika tena fimbo yake. "Lakini wewe ungeuliza, ningesema. Nilikuwa nasubiri uulize."

"Na mbao, dada? Ukaniletea na mbao."

Akacheka kidogo, kicheko kikamuuma, akashika kiuno. "Mbao nilituma kwa hasira. Nilisema, ngoja nimpe na hizo, nione kama hatashtuka. Usinifanye malaika, Mama Rehema. Nilikuwa na hasira mpaka usingizi ulikataa, na pale chini palikuwa na baridi."

Nililia pale kwenye benchi, mbele ya mama mwenye mtoto na kijana na mhudumu. Nilimwomba radhi. Hakuniambia "yameisha" wala hakuniambia "sikusamehi." Alinipa pindo la kanga yake nijifute, na jina lake likaitwa, nikamshika mkono tukaingia wote.

Nilimuuliza dada wa mazoezi, peke yangu, kama ni ile miezi ya sakafuni iliyomfikisha kwenye fimbo. Alisema hawezi kujua, huenda ingefika tu, huenda isingefika. Nilitaka anihukumu au anitoe hatiani. Hakufanya lolote kati ya hayo, na hakuna mwingine wa kumuuliza.

Godoro lilirudi Kilosa wiki hiyo hiyo pamoja na mbao zake sita. Mzee Athumani nilimweleza yote, daftari na kikombe cha chai na joto la nailoni. Alikaa muda mrefu na futi mkononi, akiivuta na kuiachia ijikunje. "Lakini yote mawili yalikuwa nane," akasema, si kwa kujitetea, kwa huzuni. Tangu hapo bado anapima, hawezi kuacha, ila akimaliza kupima anatuuliza kila mmoja peke yake.

Lile jipya laini tulimpelekea binti yangu Rehema, ambaye mgongo wake bado unakubali kila kitu. Mimi nilinunua jingine. Nilivua ndala dukani, nikapanda, nikalala chali nimetazama dari, kisha ubavu huu, kisha ubavu ule, muuzaji na wateja wakinitazama. Nilikaa pale muda wa kutosha. Kwa hiyo ushauri wangu ndio huo: usibonyeze, lala. Angalia chaga. Toa nailoni. Na kama godoro unapewa na mtu, muulize yeye leo atalala wapi, na akikujibu kwa ufupi muulize tena.

Mama Shabani ametoka kwenye sakafu lakini hajatoka kwenye fimbo. Mguu wa kulia haujarudi wote. Mimi nakwenda Kilosa mara mbili kwa mwezi, namchemshia maji, namwosha miguu kabla ya sala. Kupiga magoti sasa naweza. Yeye ananiachia, na mara nyingine ananikosoa kwamba nimeruka kidole.

Na kitanda chake natandika mimi. Mara ya kwanza nilipoinua pembe ya juu nichomeke shuka, nilikuta daftari pale pale. Nilisimama nimelishika godoro. Alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, anachambua mchele, hanitazami. Nikalichukua daftari, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikasoma kwa sauti: "Dawa ya kuchua, asubuhi na jioni. Dada, ya leo asubuhi umechua?"

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

"Bado," akasema. "Nilikuwa nasubiri uulize."